Bucha Iko Upande Huu wa Mto

Barua ya chuo ilikuja siku ya Ijumaa, na kama barua zetu zote ilibidi tuvuke daraja kwenda kuichukua. Kijiji chetu cha Mundowie hakina posta tangu mwaka wa tisini na nane. Walipoifunga, kila mtu alikodi sanduku Tarrabin, ng'ambo ya pili ya Mto Murray, na tangu siku hiyo sote tunaandika Tarrabin kwenye kila karatasi inayotaka anwani. Sisi tuko New South Wales, Tarrabin iko Victoria. Majimbo mawili, serikali mbili, na mto katikati. Kwa miguu ni dakika kumi na mbili, kama hukusimama darajani kuongea na mtu. Mimi husimama.

Mjukuu wangu Tamsin aliifungua palepale mbele ya posta. Ana miaka kumi na minane, na wakati huo alikuwa na miezi mitatu ya uanagenzi katika bucha ya Nev Rademaker, bucha pekee tuliyo nayo. Kazi anajifunza dukani kwa Nev, lakini wiki kadhaa kila mwaka lazima akasome katika chuo cha umma cha Jerula, kilomita themanini kaskazini. Bila chuo hakuna cheti, na bila cheti utabaki kufagia vumbi la mbao sakafuni na kuwafungia wateja nyama hadi uzeeni.

Alisoma mara mbili. Kisha akanipa.

"Nisomee wewe, Bibi. Labda macho yangu yana kasoro."

Nikavaa miwani. Ada ya kozi, dola elfu tisa mia sita na arobaini.

Tulikuwa tumeambiwa elfu mbili, kwa miaka yote mitatu, maana inayobaki serikali ya jimbo hulipa. Hizo elfu mbili Tamsin alikuwa nazo. Alizipata kwa kuchuma zabibu likizo mbili mfululizo, na mikono yake ilikuwa bado na alama. Chini ya ile tarakimu waliandika sababu: mwanagenzi anafanya kazi nje ya jimbo, kwa hiyo hastahili ruzuku. Alipe ada kamili, au alete uthibitisho, kabla ya saa sita mchana Ijumaa tarehe kumi na nne. Baada ya hapo nafasi yake atapewa anayefuata kwenye orodha. Masomo yangeanza Jumatatu tarehe kumi na saba, na darasa jingine lisingefunguliwa mpaka mwaka ujao.

"Nje ya jimbo?" Tamsin alisema. "Mimi nakata nyama hatua mia mbili kutoka kitandani kwangu."

"Wamekosea."

"Sasa mwaka ujao itakuwaje? Mkataba unasema nisipoingia darasani ndani ya miezi sita unakufa. Nev atalazimika kutafuta mwingine."

"Nimesema wamekosea, mwanangu. Aliyekosea huambiwa."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Lakini tulipokuwa tunarudi darajani, sikusimama na mtu yeyote.

Nyumbani nilimwonyesha Wes, mwanangu, baba yake Tamsin. Ni dereva wa lori la nafaka, mtu wa maneno machache. Aliishika barua kwa ncha za vidole kwa sababu alikuwa na grisi.

"Tisa," alisema. "Yangu ilikuwa sita."

Akatoka nje kuosha lori ambalo alikuwa ameliosha jana yake.

Lazima niseme habari hiyo, kwa sababu ndiyo iliyonisukuma. Miaka ishirini na miwili iliyopita Wes alipata nafasi ya useremala katika chuo hichohicho. Ilikuja barua ya namna hii. Jirani zetu, Mungu awabariki, walitoka na majiko yao wakachoma soseji na kuziuza mbele ya duka la vifaa Jumamosi nne mfululizo, kama tunavyofanya huku mtu akipatwa na shida. Zilipatikana dola mia sita. Nikamwambia Wes, basi mwanangu, ndiyo bei yake, hatuiwezi. Tukamnunulia buti nzuri kwa zile pesa, akaenda kupakia nafaka. Sikuuliza mtu hata neno moja kuhusu ile barua. Niliona imechapwa vizuri, ina nembo, nikadhani kitu kilichochapwa vizuri hakina makosa.

Jumamosi asubuhi nilikwenda bucha. Nev alikuwa anajaza soseji, na Tamsin anazisokota kwa mkono wake mwepesi, tatu tatu. Nev ni mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Kila Jumamosi huniwekea figo mbili za paka wangu ndani ya karatasi, na hajawahi kukubali senti yangu kwa ajili yake.

"Nimeshapiga hesabu, Delma," aliniambia kabla sijafunga mlango. "Tukiuza soseji dola tatu, na mkate na vitunguu nikitoa mimi, tunahitaji kuuza elfu tatu mia mbili na kumi na nne."

"Mundowie ina watu mia nne," nikasema.

"Nane nane kila mtu. Ukimtoa mtoto wa Coralie, yule bado ananyonya."

"Na mchungaji hali nyama," Tamsin akasema.

"Mchungaji atakula kitunguu kwa bei ya soseji. Ni kazi ya Mungu."

Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Kisha nikaweka mkoba wangu juu ya meza.

"Nev, moyo wako ni mzuri na watu wa hapa mioyo yao ni mizuri. Lakini safari hii hatuchomi soseji hata moja kulipa kitu tusichodaiwa. Niambie, kwenye mkataba wa Tamsin uliandika nini mahali pa anwani ya kazi?"

Akajifuta mikono kwenye aproni, polepole.

"Nilichoandika siku zote. S.L.P. themanini na nane, Tarrabin."

"Ndiyo hapo."

"Lakini hiyo ndiyo anwani, Delma. Sina nyingine. Mtaa huu una namba wapi?"

Kweli. Hakuna nyumba yenye namba Mundowie. Mgeni akiuliza tunamwambia, pita tangi la maji, ukiona mbwa mwenye jicho moja umefika. Nev alisimama pale akiwa mwekundu shingo nzima.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemharibia," alisema.

"Ni sisi sote. Kila mtu hapa angeandika hivyohivyo. Mimi mwenyewe ningeandika hivyo."

Tamsin akamsukumia trei nyingine ya nyama. "Jaza, mzee. Ukilia soseji zitakuwa na chumvi nyingi."

Jumatatu nilipanda basi la Jerula. Tamsin alitaka kuja, nikamwambia abaki kazini, maana mtu anayepigania kazi asionekane ameiacha. Ofisi ya usajili ilikuwa na msururu mrefu, na karani alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Prue Hallam, mwenye kalamu mbili nywelani. Aliponiona nimesimama muda mrefu alitoka nyuma ya kaunta, akaniletea kiti chake mwenyewe, akarudi akahudumia watu akiwa wima. Zamu yangu ilipofika nilimweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Nakuamini," alisema. "Lakini kompyuta haiamini. Ikiona Tarrabin inasema Victoria, na mimi sina mamlaka ya kuibadilisha. Nahitaji karatasi ya serikali ya jimbo letu, yenye jina la mwajiri na mahali duka lilipo. Leseni, kodi, kitu kama hicho."

"Nikileta, utabadilisha?"

Akaangalia nyuma kama mlango umefungwa. Kisha akafungua kitabu chenye jalada la kijani, akakigeuza upande wangu, akaweka kidole.

"Soma hapa, mama. Halafu soma hapa."

Mimi husoma taratibu. Pale pa kwanza palikuwa na maneno ya serikali: ruzuku hutolewa kwa mwanagenzi ambaye kazi yake inafanyika ndani ya jimbo. Basi. Pale pa pili palikuwa na maneno ya chuo: kwa ajili ya kupanga ada, mahali pa kazi patahesabiwa kuwa anwani ya posta ya mwajiri.

Nikarudia mara mbili.

"Hili la pili si la serikali," nikasema.

"La kwetu."

"Serikali inauliza kazi inafanyika wapi. Nyinyi mkaamua kuuliza barua zinakwenda wapi."

"Baraza la chuo ndilo linalopanga ada," Prue alisema. "Linakaa keshokutwa, Jumatano, saa nane mchana. Mwananchi yeyote anaruhusiwa dakika tano akijiandikisha. Fomu hii hapa. Njoo na ile karatasi, maana bila ushahidi watasema ni hadithi tu." Alinijazia chai kwenye kikombe chake na kunipa biskuti iliyobaki. "Na mimi sikukuonyesha kitabu."

"Kitabu gani?" nikamwambia.

Jumanne tuliitafuta karatasi. Nilidhani itakuwa kazi ya nusu saa. Leseni ya bucha ilikuwa ukutani ndani ya fremu, imeandikwa N. Rademaker, S.L.P. 88, Tarrabin. Bili ya umeme, S.L.P. 88. Bima, S.L.P. 88. Karatasi ya kodi ya ardhi ilitaja kiwanja namba nne, lakini kwa jina la mama yake Nev, ambaye tulimzika miaka tisa iliyopita.

"Kwa nini hukubadilisha jina?" nilimuuliza.

"Nilihisi kama ninamfukuza," alisema. Sikumuuliza tena.

Tulipekua makabati mawili na sanduku lililokuwa chini ya ngazi. Tamsin aliendelea kuhudumia wateja, na kila mteja aliyeingia alitaka kujua kinachoendelea, na kila mmoja akaleta wazo. Coralie, mwenye yule mtoto anayenyonya, alikwenda nyumbani kwake akarudi na picha ya harusi yake iliyopigwa mbele ya bucha. Tukamshukuru. Mzee mmoja alijitolea kwenda Jerula na kuapa. Ilipofika saa kumi hatukuwa na kitu, nami nilikaa kwenye kreti ya maziwa nikihisi miguu yangu yote miwili.

Juu ya kaunta ya Nev kuna msumari mrefu uliosimamishwa kwenye kipande cha ubao. Hapo ndipo anapochoma oda za watu, karatasi moja juu ya nyingine: kondoo nusu, nyama ya kusaga kilo mbili, mifupa ya mbwa. Ukijaa anautundika ukutani na kuanza mwingine. Kulikuwa na kama kumi na mbili zilizotundikwa, zenye karatasi zilizogeuka rangi ya chai. Tamsin alikuwa anachoma oda ya mwisho akasimama ghafla.

"Nev, mwaka ule wa korona, walipofunga daraja, wewe ulikuwa unavukaje kwenda kuchukua barua?"

"Kwa kibali," alisema Nev, na sauti yake ndogo ikawa na hasira kama jambo limetokea jana. "Kwenda hawakuniuliza. Kurudi nyumbani kwangu mwenyewe ndiyo lazima nionyeshe kibali! Kila wiki mbili kipya. Sina simu ya kisasa, nikawa nakwenda kituo cha polisi wananichapia na kunigongea muhuri. Kila kikiisha muda wake nilikuja hapa nikakichoma kwenye msumari. Kwa nguvu."

Tukatazamana sote watatu.

Ulikuwa msumari wa nne kutoka mlangoni. Tamsin alivua karatasi moja moja, akizipanga mezani kwa mpangilio wake, na kati ya oda ya soseji na oda ya bata kulikuwa na kibali cha serikali ya New South Wales chenye tundu katikati. Jina: Neville Rademaker. Mahali pa kazi: Bucha ya Rademaker, Barabara ya Mto, Mundowie, New South Wales. Sababu ya kuvuka mpaka: kuchukua barua Tarrabin.

Vilikuwa kumi na kimoja.

"Siku zote hizi," Tamsin alisema, "serikali ilikuwa inajua uko wapi."

"Ilijua," Nev akasema. "Hata walinifanya nisimame mvuani."

Siku ya Jumatano Nev alifunga duka. Alibandika karatasi mlangoni, TUMEKWENDA JERULA, NYAMA KESHO, na hakuna mtu aliyenung'unika. Tukaenda na pikapu yake, sisi watatu mbele tumebanana, ule msumari wa nne umelala mapajani mwangu ndani ya taulo, kwa sababu Nev alivirudisha vibali mahali pao na kukataa kabisa kuviondoa. Wes alikuwa na safari ya nafaka. Asubuhi, kabla hajaondoka, alinipigia pasi koti langu. Sikumwomba.

Baraza lilikuwa watu saba kwenye meza ndefu. Mwenyekiti ni Roslyn Keogh, mwanamke mwenye duka la matairi pale Jerula, na mkono wake wa kulia ulikuwa bado na weusi wa mpira kwenye kucha. Kando yake alikaa mweka hazina, Bwana Ottaway, mzee mwembamba mwenye sweta, ambaye amekuwa chuoni hapo miaka thelathini. Yeye ndiye aliyenyanyuka kunisogezea kiti. Prue alikuwa pembeni akiandika kumbukumbu, hakunitazama hata kidogo, kama hatujawahi kuonana.

Walipofika kwenye ada za mwaka, Roslyn aliniita.

"Bi Furlong, una dakika tano."

"Niite Delma tu. Bi Furlong alikuwa mama mkwe wangu, na angewamaliza kwa dakika mbili."

Wachache wakacheka, nami nikapata pumzi. Nikasema niliyokuja kusema. Kwamba posta yetu ilifungwa. Kwamba barua zetu hulala ng'ambo lakini sisi hatulali huko. Kwamba serikali inauliza kazi inafanyika wapi, na chuo kimeamua kuuliza kitu kingine. Nikafunua taulo, nikaweka msumari mezani. Mmoja wao alirudi nyuma kidogo na kiti chake.

"Hauumi," nikamwambia. "Soma karatasi ya sita kutoka juu, chini ya ile mifupa ya mbwa."

Karatasi ikazunguka meza nzima na msumari wake. Roslyn aliisoma kwa makini, pande zote.

"Bwana Rademaker," alisema, "duka lako liko hapa panapotajwa?"

Nev alisimama. Alikuwa amevaa koti la mazishi, na chini yake niliona kamba ya aproni, kwa maana alisahau kuivua.

"Nilizaliwa juu ya duka hilo, mama. Halijawahi kuvuka daraja."

Bwana Ottaway akakohoa. Hakusema kwa ubaya, hilo nalishuhudia.

"Hakuna anayebisha kuhusu duka. Ila tukigeuza kanuni kwa mtu mmoja, kila mtu atakuja na msumari wake. Anwani ya posta ni kitu kilicho wazi. Sasa, tunao mfuko wa wanafunzi wenye shida. Tunaweza kumlipia binti huyu nusu, leo hii, na yaishe. Nusu nyingine atalipa kidogo kidogo."

Nilijua maana yake. Ilikuwa nafasi, mkononi, siku mbili kabla ya mwisho. Tukiikataa na baraza likapiga kura ya hapana, Tamsin hangekuwa na nusu wala robo. Jibu halikuwa langu. Nikageuka kumtazama mjukuu wangu, na sikumwonyesha kwa uso wala kwa mkono la kufanya. Ni jambo gumu kuliko yote niliyofanya wiki ile.

Tamsin alisimama. Mikono yake aliiweka nyuma, na mimi niliyekaa karibu niliona jinsi vidole vilivyokuwa vinashikana.

"Asante, bwana. Naomba kuuliza. Ili nipewe hiyo nusu, nitatia saini kwamba nafanya kazi Victoria?"

"Ni lugha ya fomu tu," alisema Bwana Ottaway.

"Lakini sifanyi. Na kuna mwenye shida kweli ambaye hizo pesa ni zake." Akagusa mfuko wake. "Elfu mbili zangu ninazo, ziko hapa mfukoni. Ndiyo ada yangu. Naomba mniambie kama ndiyo au siyo, na kama siyo, nitarudi kusokota soseji mpaka mtakapojua niko wapi."

Akakaa. Nev alitoa leso kubwa akapenga kwa sauti iliyowashtua wote.

Roslyn Keogh aligongagonga meza kwa kalamu.

"Prue, hii kanuni ya anwani ya posta ina muda gani?"

"Miaka ishirini na minne, mwenyekiti."

"Na wanagenzi wangapi wa Mundowie wametozwa ada kamili kwa sababu yake?"

Prue alikuwa na karatasi tayari. Nadhani alikuwa nayo tayari tangu Jumatatu. "Waliolipa ni watano. Wanne hawakulipa, wakaacha."

Sikupanga kusema tena, dakika zangu zilikwisha. Lakini maneno yalitoka.

"Mmoja wa hao wanne ni mwanangu Wes. Useremala."

Hakuna aliyenikumbusha muda. Bwana Ottaway alivua miwani yake akaiweka mezani, akabaki anaitazama.

"Mimi ndiye niliyeiandika kanuni hiyo," alisema. "Ilikuwa Ijumaa jioni. Nilitaka iwe rahisi kwa makarani." Nilikuwa na mengi ya kumwambia, miaka ishirini na miwili ya mengi. Nikakumbuka kwamba ndiye aliyenisogezea kiti, na kwamba mimi nami niliipokea barua ile ya kwanza nikaikunja bila kuuliza. Nikanyamaza.

Roslyn akasoma pendekezo: kwa ajili ya kupanga ada, mahali pa kazi ni mahali kazi inapofanyika, na ithibitishwe kwa hati yoyote ya serikali, au kwa mtu wa chuo kwenda kuona kwa macho yake. Wanaokubali wanyooshe mikono.

Watatu walinyoosha mara moja. Roslyn alikuwa wa nne, na hapo tayari ilikuwa imepita, lakini sikuhesabu, kwa sababu nilikuwa namtazama Bwana Ottaway. Aliuinua mkono wake taratibu kama mtu anayenyanyua kitu kizito, akauweka juu mpaka Prue alipomaliza kuandika. Wawili walikataa. Hata hao mmoja wao aliniambia baadaye kwamba alikuwa na wasiwasi na bajeti tu, na kwamba bata wa Nev ni mzuri.

"Kuhusu wale watano waliolipa," Roslyn alisema, "tutalijadili kikao kijacho."

"Lini?" nikauliza.

"Mwezi wa Mei."

"Nitakuja," nikasema. Prue akaandika hilo pia.

Tulisubiri kwenye korido. Bwana Ottaway mwenyewe alikaa na Prue kwenye kompyuta, akitamka na yeye akichapa, kwa sababu neno la siri la kubadilisha ada alikuwa nalo yeye peke yake. Tamsin alihesabu noti zake juu ya kaunta, za ishirini na za hamsini, nyingine zimekunjamana kabisa, na Prue alizinyoosha moja moja kwa kiganja bila kumharakisha. Kisha mashine ikatoa risiti. Nev aliomba tumpe aishike. Akaishika, akaisoma, akatafuta mahali pa kuichoma.

"Usithubutu," Tamsin akamwambia.

Jumatatu tarehe kumi na saba, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Wes aliliacha lori lake uani akachukua gari langu dogo ampeleke binti yake mwenyewe. Tamsin alitoka na visu vyake vitano kwenye ala mpya ya plastiki ambayo Nev alimnunulia, na chakula nilichomfungia, na nywele bado mbichi. Alikuwa anatafuta buti ya kushoto.

Nilimpa Wes ile risiti, nikamwambia ahakikishe wameiona. Alisimama nayo chini ya taa ya mlangoni. Najua alichokuwa anasoma, kwa sababu nami nilikuwa nimekisoma mara nyingi tangu Jumatano. Mahali pa kazi: Bucha ya Rademaker, Barabara ya Mto, Mundowie, New South Wales. Alisoma kimya, halafu akasoma tena kwa sauti, polepole, mpaka mwisho.

"Mundowie," alisema.

"Ndiyo."

"Mama, yule karani wa kalamu nywelani. Anakuwa ofisini saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu."

Aliikunja risiti vizuri akaiweka mfuko wa shati, akafunga kifungo. Tamsin alikuwa ameipata buti, anaruka-ruka kwa mguu mmoja kuelekea kwenye gari.

"Twende," Wes akamwambia, "tusichelewe. Na mimi nina jambo la kuuliza huko, habari za useremala."